Mwangalie Mzazi, Si Kiota: Namna ya Kufuatilia Ndege Wanaolea Makinda Nyumbani Kwako

Mtu akigundua kiota kwenye michongoma au chini ya kenchi za varanda, jambo la kwanza analofanya ni kusogea, kuinua tawi na kuchungulia. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ndege akikurupushwa siku anazotaga anaweza kukihama kiota moja kwa moja. Mayai yakipigwa na jua la saa saba mchana bila wa kuyafunika hayachukui muda kuharibika. Na kunguru aliyetua juu ya nguzo ya umeme amekuona ulipokuwa unachungulia, naye ana akili ya kutosha kujua unaangalia nini.

Wala hakuna haja ya kuchungulia. Karibu kila unachotaka kukijua kuhusu kiota utakisoma kwa mzazi: amebeba nini mdomoni, anaingia mara ngapi, anakaa ndani kwa muda gani, anatoka na nini. Hapa nitaeleza jinsi ya kusoma hivyo kwa ndege wa kawaida kabisa wa nyumba za pwani na miji ya bara iliyo jirani: chozi (mfyonza maua), shore (wa kahawia, kichwa cheusi), mnana (mfumaji wa viota), tetere (njiwa mdogo) na mbayuwayu. Huhitaji kwenda Mikumi wala Amboseli. Unahitaji kiti, subira, na watu wa nyumbani wanaokuelewa.

Hatua ya 1: Jua nani anajenga wapi, na lini

Ndege wengi wadogo hufuata mvua, kwa sababu mvua huleta wadudu, na makinda hulelewa kwa wadudu. Hata ndege ambaye siku zote anakula mbegu au anafyonza maua, akiwa na makinda hugeuka mwindaji wa viwavi, buibui na panzi. Kwa hiyo pwani anza kufungua macho wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, kisha tena masika, Machi hadi Mei. Tetere hawabanwi sana na hilo. Utawakuta wanaatamia hata kiangazi, maana kinda wa tetere huanza maisha kwa maziwa mazito yanayotengenezwa ndani ya gole la wazazi wote wawili, ule mfuko wa chakula wa shingoni.

Chozi ndiye jirani wa karibu kuliko wote. Kiota chake ni kifuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni na kijibaraza juu ya mlango, nacho hukitundika penye ncha ya tawi jembamba, kwenye waya wa taa ya nje, hata kwenye kipande cha kamba kilichosahaulika varandani. Mara nyingi huchagua mahali pa karibu na mzinga wa nyigu, na sidhani kama ni bahati mbaya. Shore hujenga kibakuli cha vijiti na nyuzi za mizizi katikati ya kichaka au mti wa bustani, urefu wa mtu au kidogo zaidi. Tetere huweka vijiti vichache ovyo ovyo, mpaka ukisimama chini yake unaweza kuyaona mayai kupitia sakafu. Minana huenda kwa makundi kwenye minazi, michikichi na miti iliyo juu ya maji. Mbayuwayu wanataka paa, daraja au kalavati, na tope lisiwe mbali. Wapo wanaojenga kikombe kilicho wazi, na wapo wenye mistari kifuani wanaofinyanga umbo la kibuyu kizima chenye shingo, chembe kwa chembe ya udongo.

Kuna pia teleka wa minazi, anayenata manyoya kwa mate upande wa chini wa kuti, kisha akanata na mayai yenyewe juu yake ili yasidondoke upepo ukivuma. Huyo msifu tu kwa mbali. Kumfuatilia kutoka chini ya mnazi ni kujitafutia maumivu ya shingo, na pengine dafu la kichwa.

Hatua ya 2: Andaa vitu vichache

Daftari, kalamu ya risasi (wino huyeyuka kwa mvua), saa na kiti. Darubini ikiwepo ni vizuri; ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42) inatosha kabisa na haitetemeki sana mkononi. Usinunue ya bei rahisi iliyoandikwa 50x au 100x, utaona ukungu mtupu.

Hatua ya 3: Kipate kiota bila kukitafuta

Kupekua vichaka ni njia mbaya na tena haina matunda. Kaa mahali penye mwanga nyuma yako, asubuhi kati ya saa 12:30 na saa 3, au alasiri kuanzia saa 10. Usimwangalie ndege anayeimba, huyo yuko kazini kutangaza mipaka. Mtafute aliyebeba kitu.

Ndege aliyeshika jani kavu, unyoya wa kuku au unyuzi haendi matembezini. Mfuate kwa macho mpaka apotee, kumbuka mti wenyewe, kisha usubiri. Atarudi tena na tena njia ile ile, na ziara chache tu zitakuonyesha tawi lenyewe.

Kwa chozi ipo dalili nzuri zaidi, na inaanzia ndani ya nyumba yako. Jike (wa rangi ya kahawia, asiye na mng'ao wowote, utamdhania ndege mwingine kabisa mbali na dume wake mweusi mwenye kifua chekundu) huja kwenye pembe za madirisha na chini ya paa kukusanya utando wa buibui. Hupepea hewani mbele ya utando, huuchoma kwa ncha ya mdomo wake uliopinda, hugeuza kichwa nusu mzunguko mpaka nyuzi zijifunge mdomoni, kisha huondoka na kijifundo cheupe usichoweza kukiona usipomtazama kwa karibu. Utando huo ndio gundi na ndio uzi wake. Huuzungushia kwenye tawi kwanza, ananing'iniza majani makavu na magamba ya miti chini yake mpaka yawe fungu refu lisilo na maana yoyote, halafu siku moja anajisukuma katikati ya lile fungu, anatanua kwa kifua na mabawa, na ghafla pana chumba. Wengi huliona hilo fungu wakadhani ni takataka zilizonaswa, wakalitoa kwa fagio.

Kwa hiyo vuli ikianza, ongea na watu wa nyumbani kuhusu buibui wa nje. Mimi nimeshindwa kumshawishi bibi kuhusu buibui wa sebuleni, wala sikuendelea kubishana, lakini tumekubaliana kwamba ufagio wa makuti hauendi varandani mpaka mvua ziishe. Anayesafisha nyumba aambiwe mapema na kwa heshima, aonyeshwe na kifuko chenyewe, maana yeye ndiye atakayekuwa hapo wewe ukiwa kazini.

Ukitaka kusaidia ujenzi, weka sufi au manyoya machache ya kuku kwenye uma wa tawi. Usiweke nyuzi za cherehani, nywele za bandia wala vipande vya nailoni. Hujifunga miguuni mwa makinda, na kinda aliyefungwa mguu hatoki kiotani.

Hatua ya 4: Chagua pa kukaa, kisha mwache ndege akupime

Anza mbali, hatua ishirini au zaidi kwenye uwanja wazi. Ukiwa ndani ya nyumba unaweza kuwa karibu zaidi, kwa sababu ndege wengi hawaogopi dirisha wanavyomwogopa mtu aliyesimama. Tundika kanga dirishani, acha upenyo, kaa nyuma yake. Hapo utaona mambo ambayo mwenye kamera kubwa bustanini hataki kuamini.

Kisha mtazame anaporudi. Akiingia moja kwa moja, mahali ulipo panafaa. Akitua tawi la jirani na chakula mdomoni, akatikisa mkia, akalia kwa sauti fupi fupi kali, akaruka tawi jingine bila kuingia, basi anakuogopa. Mpe dakika chache. Asipoingia, ondoka wewe, rudi nyuma hatua kumi, jaribu tena kesho. Mzazi anayekataa kuingia kwa sababu yako anawanyima makinda chakula, na akilazimika kupiga kelele kwa muda mrefu anawaita wezi wa mayai na makinda.

Yapo mengine ya kuzingatia. Usipite njia moja kila siku mpaka ukaacha mchirizi kwenye nyasi unaoelekea kwenye kiota. Paka hufuata mchirizi huo. Usiende mvua ikinyesha, wala jua la adhuhuri, wala giza linapoingia, kwani jike akiruka giza likiingia huenda asirudi mpaka asubuhi. Na kabla hujainua darubini, tazama juu. Kama kunguru au dudumizi yuko karibu, elekeza macho upande mwingine kabisa, kunywa chai yako, ngoja aondoke. Dudumizi tunamsifu kwa kuita mvua, lakini yeye pia ni mla makinda hodari, anapita ndani ya vichaka polepole akikagua.

Hatua ya 5: Soma hatua za malezi kwa kumtazama mzazi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Akibeba vitu vikavu na vigumu, anajenga nje. Akianza kubeba manyoya na sufi, anatandika ndani, na mayai hayako mbali. Halafu huja kipindi kinachowachanganya wengi: kiota kimekamilika, na ndege haonekani. Usikimbilie kusema kimehamwa. Ndege wadogo hutaga yai moja kwa siku, kwa kawaida asubuhi, na wengi hawaanzi kuatamia sawasawa mpaka mayai yametimia. Ndiyo maana makinda huanguliwa karibu pamoja. Siku hizo mzazi huja, hukaa kidogo, huondoka. Mwache. Hiki ndicho kipindi anachohama kwa urahisi kuliko vyote.

Kuatamia utakutambua kwa utaratibu. Ndege anaingia bila kitu mdomoni, anakaa muda mrefu, anatoka haraka kwenda kula, anarudi. Kwa chozi ni jike peke yake anayeatamia. Ukiangalia vizuri kwa darubini utaona mdomo wake mrefu umechomoza mlangoni, chini ya kile kijibaraza. Tetere hupokezana, dume akishika zamu sehemu kubwa ya mchana na jike usiku, kwa hiyo kiota chao hakikai wazi hata kidogo, na kubadilishana kwao ni kwa kimya mpaka ukikopesa unakosa. Daftari la kipindi hiki linaweza kuonekana hivi:

Chozi, mkomamanga wa dirisha la jikoni. Mawingu, hakuna upepo.
Saa 12:50. Jike kaingia, mdomo mtupu.
Saa 1:15. Katoka, kaelekea kwenye ua la mgomba. Dume yuko kwenye waya, anaimba.
Saa 1:24. Karudi. Katua tawi la juu kwanza, kaangalia chini. Paka yuko bustanini.
Saa 1:31. Paka kaondoka. Jike kaingia.

Mistari hiyo mitano imeshakuambia kwamba kuna mayai, kwamba dume haatamii mayai, kwamba jike hula kwa dakika tisa hivi, na kwamba paka wa jirani amemchelewesha dakika saba. Hakuna aliyechungulia.

Makinda wakianguliwa, mwenendo hubadilika siku ile ile. Mzazi anaingia na kitu mdomoni, kidogo sana mwanzoni, kijibuibui au kiwavi laini, na bado anakaa ndani kuwafunika maana hawana manyoya. Chini ya mti, au mbali kidogo nao, unaweza kuokota nusu ya ganda la yai: kama ni safi na kavu ndani, limetupwa na mzazi baada ya kinda kutoka. Kama lina ute au kiini, mwizi amepita.

Kisha subiri aanze kutoka na kitu. Makinda wa ndege wengi wadogo hutoa kinyesi ndani ya kifuko cheupe chenye utando, na mzazi hukichukua. Siku za kwanza hukimeza. Makinda wakikua hukibeba na kwenda kukitupa mbali ili harufu na weupe wake visisaliti kiota. Ukiona shore anaondoka na kidonge cheupe mdomoni, andika, kwa sababu sasa unajua makinda wapo hai na wanashiba. Hesabu pia ziara za kulisha katika nusu saa, daima nusu saa ile ile ya siku, usichanganye asubuhi na alasiri. Idadi itapanda kadiri wanavyokua, kisha sauti itaanza kusikika: mlio mwembamba wa pamoja kila mzazi anapotua. Kwa chozi, hapo ndipo dume anapoingia kazini kusaidia kulisha.

Muda wenyewe, kwa makadirio. Chozi kifua-chekundu hutaga mayai 2 kwa kawaida, huatamia siku 13 hadi 15, na makinda hukaa ndani siku 15 hadi 20. Shore ana mayai 2 au 3, siku 12 hadi 14, na makinda wake hutoka mapema, hata kabla hawajajua kuruka sawasawa. Tetere ana mayai 2, wiki mbili za kuatamia na wiki mbili za kulea. Mnana ni karibu siku 12 za mayai na siku 17 hadi 21 za makinda. Ukiwa na tarehe moja ya hakika, iwe ni ile aliyoanza kukaa muda mrefu au ile aliyoanza kuleta chakula, unaweza kukadiria nyingine zote na kujua lini uamke mapema.

Wiki ya mwisho rudi nyuma zaidi, usisogee mbele. Makinda waliokwisha kuota manyoya wakitishwa huruka nje kabla ya siku zao, na ukiwarudisha hawatulii. Siku ya kutoka yenyewe, mara nyingi asubuhi, wazazi hutua na chakula mbali kidogo na mlango, wanaita, wala hawaingii. Watoto wa chozi wakishatoka, mara nyingi hurudi kulala ndani jioni kwa siku chache. Usiondoe kifuko kesho yake ukidhani kazi imekwisha.

Hatua ya 6: Mnana anataka macho ya aina nyingine

Kwa minana hutafichua chochote, maana kelele zao zinasikika mtaa mzima, na mwenye mnazi amekwisha lalamika. Dume hukata ukingo wa jani kwa mdomo, huushika, huruka, na ukanda mrefu unachanika nyuma yake. Anaanza na pete ya wima, anasimama ndani ya pete hiyo na kufuma pande zote mdomo wake unapofika: nyuma chumba, mbele mlango unaotazama chini. Akimaliza ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa ya manjano na kupiga kelele kila jike anapopita.

Jike akiingia, tazama kiota chote kinavyotikisika: yuko ndani anavuta nyuzi kupima ufundi. Akikubali, ataleta nyasi laini na manyoya kutandika. Asipokubali na kiota kikakauka kuwa cha kahawia, dume hukibomoa mwenyewe, ukanda kwa ukanda, na kuanza upya palepale, kwa sababu majike hupendelea cha kijani. Viota vilivyodondoka chini ya mti, basi, si lazima viwe msiba. Chora mti kwenye daftari, vipe viota namba, andika kipi ni kibichi, kipi kimekauka, kipi kinaingiwa na jike. Kazi ya dakika kumi kila jioni, na wiki mbili baadaye una hadithi ambayo mwenye mnazi mwenyewe haijui.

Mtazame pia kekeo: mgongo wa kijani unaong'aa kwa rangi ya shaba, tumbo jeupe, dume mwenye jicho jekundu, anayeita juu ya mti wakati wa mvua kwa mlio unaopanda na kurudiwa rudiwa. Jike wake huvizia kiota cha mnana na kuacha yai lake ndani. Kinda wa kekeo huwahi kuanguliwa na huyasukuma nje mayai ya mwenye nyumba. Kwa upande wake jike wa mnana ana kinga: kila mmoja hutaga mayai ya rangi yake, meupe, ya buluu, ya kijani, yenye madoa au bila, naye huweza kulitambua lililo geni na kulitupa. Chozi naye ana kekeo wake. Ukimkuta chozi analisha mtoto mkubwa kuliko yeye mwenyewe, ndiyo hayo. Usiingilie. Kekeo naye ni ndege wa nchi hii na hana njia nyingine ya kuzaa.

Hatua ya 7: Wezi, na mipaka ya msaada wako

Kunguru mwenye shingo ya kijivu ni habari nyingine. Huyu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha takataka, akaenea pwani yote na miji mingine ya bara, na sasa anakomba mayai na makinda ya ndege wadogo mtaa hadi mtaa. Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hawa kwa milioni moja. Wewe nyumbani huwezi mengi, ila unaweza kumnyima sababu ya kuja: funika pipa, usimwage makombo ya samaki uani, na chakula cha kuku kisilale nje. Panda pia vichaka vyenye miiba au matawi yaliyosongamana, kunguru hapendi kujipenyeza humo.

Paka afungiwe ndani alfajiri na jioni wakati makinda wanapotoka. Kama si wako, zungumza na jirani, usimrushie mawe. Kwa watoto wenye manati, makatazo hayafui dafu. Mpe kiongozi wao darubini na daftari, awe ndiye msimamizi wa kuhesabu ziara za kulisha. Atawazuia wengine kwa ukali kuliko wewe.

Shore wakikusanyika ghafla na kupiga kelele mahali pamoja, usikimbilie chini ya mti huo. Mara nyingi ni nyoka wa mitini. Simama mbali, tafuta kwa darubini, waondoe watoto wa nyumbani. Nyoka naye anakula. Sisi tunaofuatilia viota hujifunza haraka kwamba vingi havifiki mwisho, na ndege akipoteza mayai mara nyingi huanza tena baada ya muda mfupi mahali pengine.

Dawa ya wadudu isipigwe kwenye ua wala bustani msimu huu. Kiwavi aliyekufa kwa sumu ndiye chakula cha kinda.

Hatua ya 8: Kinda yuko chini. Ufanye nini?

Angalia manyoya. Kama amevaa manyoya yote, mkia mfupi, anaruka ruka na kukukodolea macho, huyo hajaanguka, ametoka. Makinda wa shore hasa hupitisha siku kadhaa kwenye vichaka vya chini wakilishwa na wazazi. Mwondoe barabarani, mweke kwenye kichaka kilicho karibu kabisa, ondoka. Wazazi wanakusubiri wewe upishe.

Kama yuko uchi au ana vishina vya manyoya tu, mrudishe kiotani ukikiona na ukiweza kukifikia salama. Yale maneno kwamba ndege atamkataa mtoto aliyeguswa na mtu si kweli. Ndege wengi hawatambui watoto wao kwa harufu. Kiota kikiwa kimedondoka chote, kitie ndani ya kikapu kidogo cha ukindu chenye matundu chini ya kupitisha maji, kifunge karibu na mahali pa zamani kivulini, kisha tazama kutoka mbali kama wazazi wanarudi. Usimpe maji kwa kumdondoshea mdomoni, yanaingia kwenye mapafu. Usimpe mkate na maziwa. Wala usimfuge: ndege wa porini ni wanyamapori kisheria, Tanzania na Kenya pia, na kumweka bila kibali ni kosa.

Hatua ya 9: Picha na kumbukumbu

Piga picha kutoka kitini pako, bila mwanga wa kamera, bila kukata jani hata moja "ili aonekane vizuri". Jani hilo ndilo paa lake. Usicheze mlio wa ndege kwenye simu karibu na kiota. Dume ataacha kulisha na kwenda kumtafuta adui asiyekuwepo. Na ukiweka picha mtandaoni, usitaje mahali mpaka makinda wameondoka.

Kumbukumbu zako zina kazi. eBird, tovuti ya kuandika ndege uliowaona, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani tangu 2002, inakubali orodha kutoka popote, na ina alama maalumu za kuonyesha ndege anazaliana: amebeba nyenzo za kujengea, amebeba chakula, amebeba kifuko cha kinyesi. Nyingi ya alama hizo hazihitaji uwe umekiona kiota hata kidogo. Kwa Kenya upo pia mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, unaopokea orodha kwa vipande vya ramani. Tarehe za kuzaliana za ndege wa kawaida wa mitaani ni chache kuliko unavyodhani, kwa kuwa wataalamu huenda misituni kutafuta wale adimu.

Hatua ya 10: Baada ya makinda kuondoka

Kupunguza ua na kukata matawi kufanywe kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Ukilazimika kukata katikati ya msimu, kaa kwanza nusu saa asubuhi utazame kama kuna anayeingia na chakula.

Viota vya zamani vya minana usiviondoe kwa haraka. Wapo vindege wadogo wa kahawia wenye vichwa vyeusi, wanaotembea kwa vikundi na kula mbegu za nyasi, ambao huvirithi kwa kulala na hata kutagia. Ukitaka kukishusha kimoja ukionyeshe darasani au uwaonyeshe wajukuu ufumaji wake, kitazame jioni jua linapozama, si mchana. Wakiingia watatu wanne wakibanana, basi kina wapangaji, tafuta kingine.